Sanduku la Mia Nne Kumi na Nane

...na bado ni mia nne kumi na nane, amehesabu mara tatu sasa, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole juu ya skrini kama mtoto wa darasa la kwanza, mara ya tatu akaiachia mashine ihesabu yenyewe, na mashine haina macho ya kuchoka, mia nne kumi na nane, ilhali orodha aliyoiandaa kwa mikono yake na kugongewa muhuri na ofisi ya Mkurugenzi inasema mia nne kumi na saba, masanduku mia nne kumi na saba ya barua pepe ya kuhamishwa leo kutoka kwa Bibi kwenda kwa Mjukuu, basi, wala si zaidi, sasa hili moja limetoka wapi, nani kalizaa, na kwa nini lijitokeze leo, saa nane mchana, kazi ikiwa imefika asilimia sabini na moja na mambo yakienda sawa, maana yalikuwa yanaenda sawa, tangu asubuhi Bibi hajakohoa hata mara moja, Bibi ndiyo seva ya zamani, yeye mwenyewe aliipa jina hilo, miaka tisa inanguruma humu chumbani bila kuzimwa hata siku moja, na kila fundi anayeijua kazi yake anajua kwamba mashine ya umri huo ukiizima ikapoa haiwaki tena, kwa hiyo unahamisha vitu vyake ikiwa hai, taratibu, kwa adabu, kama unavyomsaidia mtu mzima kushuka kitandani, na Mjukuu ndiyo hii mpya, nyeusi, nyembamba, taa moja tu ya kijani, haitoi hata mlio, inanyonya barua za watu kwa waya mmoja na kukaa kimya... "Posta, vipi, inatembea?" huyo ni fundi wa kampuni iliyoleta mashine mpya, amekalia boksi tupu la Mjukuu, anatikisa mguu, kazi yake aliimaliza asubuhi na sasa anasubiri saini tu aende zake, "Inatembea," anamjibu bila kugeuka, Posta ndilo jina lake hapa hospitalini, tangu mlinzi wa getini hadi madaktari bingwa wote wanamwita hivyo, kwa kuwa barua zote za hospitali zinapita mikononi mwake, na yeye hulipenda jina hilo, siku zote amelipenda, hata mkewe humtania nalo, Posta, leo umetuletea nini, na ukweli ni kwamba hajawahi kupoteza barua ya mtu, hata moja, miaka tisa, ndivyo anavyosema kwenye mikutano na ndivyo anavyoamini, au ndivyo alivyoamini hadi dakika tano zilizopita, ah, acha uoga, sanduku moja tu, labda ni la yule mhasibu aliyeacha kazi, labda ni la majaribio, shusha orodha hadi chini kabisa, soma majina moja moja, stoo, ufuaji, upasuaji, utawala, wodi ya kwanza, wodi ya pili, na huko chini, peke yake, nje ya mpangilio kama kiatu kilichosahauliwa mlangoni, herufi tano, shimo.

Shimo... na hapo kabla hajakumbuka kitu chochote mikono imekumbuka kwanza, maana ni mikono hiyo hiyo iliyoandika jina hilo, shimo, miaka minne iliyopita, siku ile ya virusi, siku ambayo kompyuta za hospitali nzima zilifungwa na barua moja tu iliyofunguliwa na mtu wa stoo, barua isiyo na kichwa cha habari, ndani yake faili lililofungwa, kaligusa tu na kazi zote zikalala siku tatu, Mkurugenzi alikuja mwenyewe humu chumbani, shati limemlowa, akasema, "Posta, funga! Sitaki kujua unafungaje, funga!" na yeye akafunga, alikuwa hajalala siku mbili, akakaa hapa hapa kwenye kiti hiki na kuandika amri moja, mistari miwili tu, barua yoyote ya kutoka nje isiyo na kichwa cha habari na yenye faili lililofungwa isimfikie mtu, isirudi kwa aliyeituma, itupwe kwenye sanduku maalumu, akaliita shimo kwa sababu hakuwa na akili ya kutafuta jina zuri, na akajiahidi kwamba kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, atalichungulia, atoe barua za watu zilizotumbukia bila kosa, na alichungulia, Mungu ni shahidi wake, Jumatatu baada ya Jumatatu, karibu mwaka mzima, ukurasa wa juu tu, asione kitu isipokuwa takataka, wanaouza dawa za nywele, wanaogawa urithi wa watu wasiowajua, mpaka pale mtoto wake wa kwanza alipozaliwa kabla ya siku zake na yeye akachukua likizo ya mwezi, aliporudi akakuta kazi zimemrundikia, Jumatatu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kitu ukishakiacha wiki tatu hakikuiti tena, kinakaa tu, hakina mlio, hakina taa... na yule wa upande wa pili wa ukuta, muuguzi wa kaunta ya majibu, anamwambia mtu kitu, ukuta wenyewe wa mbao laini, ukikaa humu unasikia kila neno kama umekaa naye, "Haya mama, tumeshatuma sampuli yako kwa mzee wa maabara, sasa wewe nenda nyumbani ukapumzike," na sauti ya mwanamke, ndogo, ya kuuliza, na muuguzi tena, kwa sauti yake ile ya uchangamfu anayoitumia kwa wote, "Usihangaike kurudi kuuliza. Kukiwa na tatizo yeye mwenyewe ataandika na tutakupigia simu. Ukiona kimya, ujue uko salama."

Ukiona kimya ujue uko salama, ni mara ngapi ameisikia sentensi hiyo kupitia ukuta huu, mara mia, mara elfu, imekuwa kama mngurumo wa Bibi, huisikii tena kwa kuwa ipo siku zote, na huo ndio utaratibu wa hospitali, uliowekwa na mzee wa maabara mwenyewe, daktari mstaafu aliyefanya kazi hapa hapa miaka thelathini kisha akahamia mji mwingine na kufungua maabara yake ya uvimbe na saratani, mtu mmoja na hadubini yake, akawaambia, mimi sina karani, sitawaandikia barua kila siku kusema mtu mzima ni mzima, nitaandika penye neno tu, nikikaa kimya mfurahi, na wote walifurahi, karatasi zikapungua, foleni ya kaunta ikapungua, wagonjwa wakajifunza kuhesabu siku, siku kumi na nne bila simu watu wanakumbatiana, dereva wa gari la wagonjwa aliwahi kupita hapa mlangoni akipiga kifua, "Posta, mimi kimya tangu mwezi wa tatu!" akacheka kicheko chake cha jino moja, na mwaka jana walichanga rambirambi ya... hapana, usiende huko, hujui, hujui namba yake, watu wanakufa kwa mambo mengi, rudi kwenye kazi, sabini na moja, imekwama au inakwenda, inakwenda, na mzee wa maabara anaandikaje barua zake, jibu hilo Posta, wewe si ndiye mwenye barua, anaandikaje, na hili hahitaji kulitafuta kwenye mashine yoyote kwa sababu analijua, amelijua siku zote, alimpigia simu yeye mwenyewe, kabla ya virusi, kabla ya shimo, akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, naomba ukituandikia uwe unaweka kichwa cha habari, inatusaidia kupanga," na mzee akaitikia marahaba na kucheka mpaka akakohoa, "Kichwa cha nini, mwanangu? Majibu si yamo ndani ya faili? Daktari akitaka kichwa alifungue!" wakacheka wote wawili, na alipokata simu aliwasimulia wenzake, huyo mzee bwana, haandiki kitu, anakutupia faili lake limefungwa na neno la siri analolijua daktari tu, hakuna salamu, hakuna kichwa, kama mtu anayekurushia funguo dirishani... wakacheka, na yeye alicheka kuliko wote, na miezi mitano baadaye alikaa kwenye kiti hiki akaandika mistari miwili, barua isiyo na kichwa, yenye faili lililofungwa, na hakumkumbuka mzee, hata kidogo, hata kwa sekunde moja.

"Posta, ndugu yangu, mbona umeganda?" fundi ameshuka kwenye boksi, viatu vyake vinakwaruza sakafu, anakuja kuchungulia, na yeye ananyanyua mkono kuziba skrini bila kutaka, kisha anaushusha, anaficha nini, "Kuna sanduku moja limezidi," anasema, na fundi anainama, ananuka kahawa, "Hilo? Shimo? Lina nini?" na yeye anasema, "Takataka," neno limetoka lenyewe, laini, halikukwaruza hata koo, "Basi achana nalo, takataka unaibeba uende nayo wapi, mashine mpya hiyo, acha ifie humo humo na Bibi, saa kumi jamaa wa kuponda diski wanafika, wakishaponda hata malaika haisomi," na anarudi kwenye boksi lake, anapiga mluzi, hana hili wala lile, na ni kweli, ni kweli kabisa, ndivyo utaratibu ulivyo, diski za hospitali hazitupwi jalalani, zinapondwa mbele ya mashahidi wawili kisha wanasaini, siri za wagonjwa hizo, yeye ndiye aliyedai wafanye hivyo, na shimo halimo kwenye orodha, orodha ina muhuri, hahitaji kufanya lolote, hahitaji kusema uongo, anachotakiwa ni kukaa tu hapa, mikono mapajani, saa mbili, asilimia zipande, waya uchomolewe, Bibi apoe, nyundo ishuke, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba kulikuwa na shimo, wala nani alilichimba, na kesho asubuhi wataendelea kumwita Posta... lakini kabla ya hapo chungulia, chungulia tu, labda unajitia presha bure, labda mzee siku hizi anaweka vichwa, labda barua zake zilipita, kwa nini basi hakuna daktari aliyewahi kuuliza, jibu lake ni jepesi na linamchoma, hawakuuliza kwa sababu kimya ni habari njema, nani anauliza habari njema imetoka wapi, fungua, anabonyeza, Bibi ananguruma kidogo zaidi, diski inatafuta, inatafuta, barua elfu thelathini na moja na ushee, miaka minne ya uchafu, panga kwa jina la mtumaji, shuka, dawa za nywele, urithi, urithi, urithi, na hapa, Bwana wee, hapa, anwani ya mzee, mstari baada ya mstari, mahali pa kichwa pameachwa tupu, wazi, weupe mtupu, na pembeni majina ya mafaili, namba za kadi za wagonjwa tu, mashine inahesabu yenyewe bila kuombwa, mia moja na sitini na tatu, na ya mwisho ni ya leo, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, wakati yeye alikuwa anakunywa chai na fundi na kumwambia kwamba leo ni siku kubwa.

Ya leo, maana yake shimo liko hai, na siyo kwa Bibi tu, amri zilihama kabla ya masanduku, ndivyo inavyofanyika, kwanza amri kisha masanduku, saa tatu asubuhi alizihamisha zote kwa mkupuo na akajipongeza, kwa hiyo ile mistari miwili iko ndani ya Mjukuu sasa, inasubiri, na sanduku lenyewe halipo huko, kesho mzee akiandika barua haitaanguka hata shimoni, haitaanguka popote, na yule mama wa kaunta, yule mwenye sauti ndogo, viatu vyake amevisikia vikiondoka, tap, tap, ndala au viatu vya wazi, ameambiwa aende akapumzike, ataanza kuhesabu siku kumi na nne... futa basi amri, si mistari miwili tu, futa hiyo kwanza, ifute mwanaume, anakosea neno la siri mara moja, mara mbili, ya tatu inamkubali, amri ya kumi na nne, futa, una uhakika, mashine inamuuliza, miaka minne haikumuuliza kitu leo ndiyo inamuuliza una uhakika, ndiyo, imefutika, haya, pumua, hiyo ni ya kesho, na hizi mia moja na sitini na tatu ni za jana, na kuna kitu hujakifanya Posta, unazunguka zunguka, umeona namba umezipita haraka haraka kama mtu anayepita nyumba anakodaiwa, kwa sababu ipo namba moja unayoijua kwa kichwa, thelathini elfu mia nne kumi na saba, uliiandika mara nne siku moja, na nne nyingine siku iliyofuata, ilikuwa kadi ya dada.

Dada mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipowaacha, fundi cherehani, anashona sare za shule na mashati ya wanaume, na shati hili alilolivaa leo ni la mkono wake, miaka miwili iliyopita alikatwa kinyama kidogo kifuani kama ukucha wa kidole gumba, kikapelekwa kwa mzee wa maabara, akahesabu siku, na siku ya kumi na nne ilipopita alikuwa bado ana wasiwasi, akampa mdogo wake kadi, akamwambia, "Wewe si ndiye wa barua zao? Hebu niangalizie, mdogo wangu, kama yangu imekuja. Sitaki nikae na hofu," na yeye, kinyume na kiapo cha kazi, aliingia kwenye sanduku la daktari wake, akaandika namba, thelathini elfu mia nne kumi na saba, akatafuta, hakuna, akatafuta tena, hakuna, akaingia kwenye sanduku la wodi, kwenye sanduku la kaunta, hakuna, akarudia kesho yake ili moyo utulie, hakuna, masanduku yote ya hospitali hii aliyafungua isipokuwa lile alilolichimba mwenyewe, kwa sababu alishalisahau, alilisahau kabisa, na jioni ile alikwenda kwa dada na keki ya dukani, akasimama mlangoni akasema, "Dada, kimya! Kimya kitupu! Hakuna kitu!" na dada akaacha cherehani inazunguka yenyewe, akaja akamshika mabega, hakulia, hakuwa mtu wa kulia, akasema, "Simama wima nikupime, leo nakushonea shati," na pini mdomoni, akicheka na pini mdomoni, kifua, mkono, shingo, shati hili, kola hii hii inayomkaba sasa... na wiki mbili zilizopita alipokwenda kumwona alimkuta amezungukwa na magauni yake mwenyewe, anayabana ubavuni, yote, moja baada ya jingine, "Nimejishonea upya kabati zima," akamwambia, "mwili unakwisha kama sabuni, nani kasema uzee unaleta unene," wakacheka, alikuwa na pini mbili ubavuni pale penye mshono mmoja, ameubana mara mbili, yeye aliona, aliona na akauliza, na dada akasema, "Mgongo tu huu, ndiyo cherehani hiyo, miaka yote nimeinama," na akakaa kitini katikati ya kumpima, dada ambaye hajawahi kukaa akipima, akasema ngoja kidogo, akavuta pumzi, ngoja kidogo, na yeye akasimama pale mikono ameinyoosha pembeni kama kitu cha kuanikia nguo, akimsubiri, hana wasiwasi wowote, kwa sababu alikuwa ametafuta mwenyewe kwa macho yake, mara nane, na palikuwa kimya.

Iandike basi, namba tano hizo, usivitazame vidole, tatu, sifuri, nne, moja, saba, Bibi anatafuta, feni yake inapanda, inashuka, na kuna sekunde, ndefu kuliko zote za leo, ambayo anaomba, hajui anamwomba nani, mashine au Mungu, isiwepo, ziwepo zote mia moja na sitini na mbili za watu wengine, na anajiona anavyoomba hivyo na haoni hata haya... barua moja, tarehe tatu, miaka miwili iliyopita, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku kumi na moja kabla ya keki, kichwa hakuna, faili limefungwa, haijasomwa, na hana neno la siri, hawezi kulifungua, na wala hahitaji, hilo ndilo baya zaidi, mzee huandika penye neno tu, barua yenyewe kuwepo ndiyo majibu, alipokuwa anamwambia dada kimya barua ilikuwa na siku kumi na moja humu humu, mita moja kutoka kwenye kiti chake, imekaa, inamsubiri Jumatatu... "Asilimia ngapi?" fundi anauliza, "Sabini na mbili," sauti yake imetoka kama ya mtu mwingine, mtu aliye ndani ya pipa, na kichwani mawazo yanagongana, miaka miwili, kinyama kama ukucha kinakuwa nini baada ya miaka miwili, nani anajua, mzee anajua, daktari anajua, na ukimwambia sasa unamwambia nini, kwamba ulimtafutia vibaya, kwamba ni wewe, kwamba mkono uliompa habari njema ndio ulioizika mbaya, na ukinyamaza, Posta, ukinyamaza saa mbili tu, diski inapondwa, na siku daktari atakapomwangalia dada kwa mgongo wake atasema bahati mbaya, limejificha, haya mambo hujificha, na utamshika dada mkono na kulia kama wengine, hatakulaumu, atakufa anakupenda, na shati utaendelea kulivaa... kola, anafungua kifungo cha juu, kifungo kinakatika kinaanguka, kinabiringika chini ya Bibi, huko kwenye vumbi la miaka tisa.

Simu inatetemeka mezani na anaruka kama ameungua, ni ujumbe, ni yeye, ni dada, na hapo anakumbuka kwamba aliandika tangu asubuhi na yeye hakujibu, siku kubwa leo, kazi nyingi, ujumbe wa asubuhi unasema, "Jumapili njoo nikupime jingine, kola ya hilo imechakaa. Ukija uje na mtoto. Habari zenu huko, mko wazima?" na huu wa sasa, mfupi, "Umekaa kimya, basi nimefurahi. Najua mko salama," na amemalizia kwa kile kikaragosi chake cha kucheka, na yeye anausoma, anausoma tena, na kuna kitu kinakatika ndani yake, hakina sauti, kama uzi, ni yeye aliyemfundisha, hospitali iliwafundisha wote lakini dada alifundishwa na yeye, mlangoni, na keki mkononi, kusoma kimya cha watu wanaompenda na kufurahi, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane Posta haogopi Mkurugenzi, haogopi muhuri, wala kaunta, wala ndugu wa watu mia moja na sitini na tatu watakaojaa kwenye ukumbi ule wakitaka kumwona mwenye barua, waje, wana haki, anaogopa kitu kimoja tu, kimya hiki kilichomo humu chumbani, ambacho ni chake, anakitengeneza yeye, sekunde baada ya sekunde, kwa kukaa tu... mkono wa kulia umekwenda kwenye orodha, mwisho kabisa, chini ya wodi ya pili, anaandika herufi tano, shimo, anabonyeza, na Mjukuu anafikiri kidogo, kisha zile asilimia zinafanya kitu ambacho fundi hajakiona tangu aanze kazi hii, zinarudi nyuma, sabini na mbili, sabini na moja, sabini, sitini na nane, "We Posta! Umefanya nini? Mbona inarudi? Tutafika usiku!" lakini mkono wa kushoto umeshabonyeza jina la dada na simu iko sikioni, inaita, upande wa pili wa ukuta muuguzi anamwita mwingine, njoo baba, kaa hapa, na simu inaita, inaita, anatumaini asipokee, anatumaini apokee, na huko inapokelewa, kwanza ni cherehani, anaisikia ikizunguka, ikipunguza, ikisimama, kisha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeinuka kwa shida, "Haloo, mdogo wangu," na mdomo wake umefunguka, maneno yamesongamana mlangoni hakuna linalokubali kutangulia, sitini na nane, bado sitini na nane, "Haloo? Unanisikia?" dada anacheka kidogo, kisha hacheki, kicheko kinaisha polepole, na sauti yake inashuka, "Mbona kimya?"